Kisima cha babu hakikuua mtu, dawa ya nini?

Majibu kwa wasomaji kuhusu maji ya visima vya nyumbani

Mvua za masika zikikaribia, barua za visima huwa nyingi kuliko za jambo lingine lolote kwenye safu hii. Hizi ndizo tulizozichagua, kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo watu wengi wanayo na hawayaulizi.

Assalaam alaykum. Kisima chetu kilichimbwa na babu kabla ya Mapinduzi. Maji yake ni matamu na ukichungulia unaona mpaka chini. Tumekulia hapo sote na hatujazika mtu kwa ajili ya maji. Sasa wajukuu wameleta vidonge, wanasema maji hayanyweki bila dawa. Mimi naona ni kuwadharau wazee. – Mzee wa Makunduchi, Unguja

Waalaykumu salaam mzee wetu, na shikamoo. Babu alichimba vizuri, na kisima ni kilekile. Kilichobadilika ni kilichokizunguka. Alipochimba yeye, nyumba zilikuwa chache na vyoo vya shimo vichache zaidi. Leo hesabu vyoo vilivyo karibu na kisima hicho, vya kwenu na vya majirani, kisha uangalie mmejenga juu ya nini. Kanuni inayofuatwa ni choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo pabaki mita moja na nusu au zaidi kabla ya kufikia maji. Kanuni hiyo inategemea udongo au mchanga unaochuja. Makunduchi mmekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye nyufa na mapango. Maji ya choo yakipata ufa hayachujwi na kitu, na husafiri mbali kwa muda mfupi. Juu ya jiwe la namna hiyo, mita 30 hazitoshi kumpa mtu amani.

Utamu na uangavu havikwambii lolote kuhusu vijidudu. Kiwango cha maji ya kunywa kinataka asiwepo hata bakteria mmoja wa E. koli, yule wa kinyesi, katika mililita 100. Maji yenye maelfu yao yanaweza kung'aa vilevile na kuwa matamu vilevile.

Kuhusu kuzoea: ni kweli mtu mzima aliyekunywa maji hayo miaka mingi anaweza kuvumilia baadhi ya vijidudu bila kuugua. Mtoto aliyeachishwa ziwa juzi hana uvumilivu huo, wala mgeni, wala mjamzito mwenye homa. Na kipindupindu hakichagui aliyezoea. Agosti 2015 kilianza Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi visiwani, kwa watu waliokuwa wamekunywa maji yao ya kila siku bila shida. Kuharisha kwa watoto nako huwa tunakupa majina mengine: meno yanaota, jicho la watu, chango. Ukisema hatujazika mtu kwa ajili ya maji, tunakuomba uulize akina mama wa hapo nyumbani ni mara ngapi kwa mwaka watoto wao wanaharisha.

Waache wajukuu watie dawa kwenye ya kunywa tu. Ya kufulia, kuogea na kumwagilia yabaki kama yalivyo.

Nimejaribu dawa ya maji mara nyingi. Watoto wanasema inanuka kama bwawa la kuogelea na wanakwenda kunywa kwa jirani ambaye hatii kitu. Nimekata tamaa. – Mama wa watoto wanne, Kisauni, Mombasa

Dada, hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha dawa, kuliko gharama na kuliko uvumi. Nayo inatibika, kwa kuwa harufu kali mara nyingi hutokana na namna dawa inavyotiwa.

Kipimo kwanza. Maji maangavu yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa lita moja. Kidonge cha miligramu 67 kimetengenezwa kwa mtungi wa lita 20, na hicho kinatoa takriban kiasi hicho. Ukikitia kwenye ndoo ya lita 10 umeshazidisha mara mbili, na hapo bwawa la kuogelea linaanza. Kwa dawa ya maji ya chupa, tumia kifuniko chake kama maelezo yalivyoandikwa, usikadirie kwa jicho. Wanaotumia dawa ya kufulia nguo isiyo na manukato wala rangi, yenye klorini asilimia 3.5, wanahitaji mililita 1 tu kwa lita 20. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu kijiko cha chai kina mililita 5, na hizo ni nyingi mno.

Pili, subira. Dakika 30 kabla ya kunywa ni za lazima, kwa sababu dawa inafanya kazi katika muda huo. Lakini harufu inaendelea kupungua baadaye. Tia dawa usiku, funika, watoto wanywe asubuhi. Maji yakipoa harufu yake hupungua. Ukiwa na haraka, ngoja dakika 30 zipite kisha yamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mara kadhaa. Hewa huondoa sehemu ya harufu. Limau na ndimu ziende kwenye gilasi, kamwe zisiende kwenye mtungi kabla ya muda kutimia, kwa sababu zinaiua klorini kabla haijaua vijidudu. Kufukiza mtungi kwa ubani kunabadilisha harufu peke yake.

Tatu, angalia chombo. Mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia au juisi hunuka vibaya ukikutana na klorini hata kipimo kikiwa sahihi. Na usitie dawa mpya juu ya maji ya jana yaliyobaki. Watu wengi hujaza tu palipopungua na kutia kidonge kizima tena, na kila siku harufu inapanda.

Kuna jambo moja linalochanganya. Wakati mwingine harufu ni kali kwa sababu maji yenyewe ni machafu: klorini inapokutana na uchafu wa choo, mchanganyiko wake hunuka kuliko klorini tupu. Kama umepima sawasawa, chombo ni safi, na bado harufu inachoma pua, peleka maji yapimwe na ukague choo kilicho karibu.

Mtungi wa udongo unapoza vizuri na hatusemi uutupe. Ila klorini hupotea upesi zaidi ndani ya udongo kuliko ndani ya plastiki, na kata inayoingizwa na kila mkono inarudisha vijidudu. Tibu maji kwenye plastiki, hamishia mtungini ya siku moja tu, na uteke kwa kumimina au kwa kata moja yenye mpini mrefu ambayo haigusi kitu kingine.

Hapa kwetu wanasema dawa ya maji inapunguza uzazi, kwamba ni mpango wa kutupunguza. Kuna ukweli? – Kijana, Tanga

Hakuna. Klorini hiyohiyo ndiyo inayotiwa kwenye maji ya bomba ya miji mikubwa, Dar es Salaam ikiwemo, na watu wa mijini wanaendelea kuzaa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita kwa mtu anayekunywa maisha yake yote. Wewe unatia 2, na wakati wa kunywa inakuwa imebaki chini ya 1. Uvumi huu unapata nguvu pale vidonge vinapogawiwa bure na watu wasiojulikana, bila maelezo, wakati wa mlipuko. Watu wana haki ya kuuliza. Afisa afya anayekwenda kugawa na aeleze ndani ya kidonge mna nini, atie mbele ya watu, angoje dakika 30, na anywe yeye kwanza.

Nachemsha maji ya kisima kila siku, lakini meno ya mwanangu yanaota yakiwa na madoa ya kahawia. Nichemshe kwa muda gani ili yaache? – Mama Neema, Arumeru

Mama Neema, acha kuongeza muda wa kuchemsha leo hii. Madoa hayo ni ya floridi, iliyomo kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Floridi haiungui wala haipandi na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani floridi inabaki ileile, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa na nyingi zaidi. Klorini nayo haiigusi, na chujio la mishumaa ya udongo haliizuii.

Ukomo wa floridi ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko kwenu kuna visima vyenye mara kadhaa ya kiasi hicho, na visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo pima cha kwako. Madoa hutokea meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka 8 hivi. Maana yake, maji machache uliyonayo yenye usalama yawe ya watoto wadogo kwanza, na yahesabike pamoja na ya kupikia uji, ugali na chai. Maji ya mvua ya paa la bati hayana floridi ya kuhofia. Mwaga ya dakika za mwanzo yanayosafisha paa, vuna yanayofuata, kisha hayo ndiyo uyatie dawa au uyachemshe.

Na magadi! Magadi ya kulainishia maharage na makande ya huko kaskazini yana floridi nyingi mno. Kuna nyumba zinazohangaika na maji huku floridi inaingia kwa sufuria ya makande. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

Kichujio kinachofaa nyumbani ni cha mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapohapo Arumeru, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, joto la nyuzi 400 hadi 500. Ikichomwa kidogo inabaki na mafuta, na maji yananuka nyama. Ikichomwa kupita kiasi inakuwa nyeupe na uwezo wake wa kunasa floridi unashuka. Inayotakiwa ni ya kijivu hadi nyeusi, isiyo na harufu. Wapo wanaokataa kichujio hiki kwa sababu hawajui mifupa ni ya mnyama gani. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kumtaka muuzaji aseme mifupa inatoka machinjio gani. Tatizo lake kubwa ni kwamba mkaa huchoka baada ya miezi kadhaa na huwezi kuona wala kuonja tofauti. Bila kupima maji yanayotoka, utakunywa floridi ukidhani umeichuja.

Maji ya kisima yakichemka yanaacha unga mweupe chini ya sufuria. Ni sumu? – Msomaji, Malindi

Si sumu. Ni chokaa ya mawe ya pwani inayotengana na maji yakipata moto. Yaache yatulie, mimina ya juu. Kuchemsha kwenyewe: yakishatokota kwa nguvu, yanatosha, miinuko ya zaidi ya mita 2,000 acha dakika 3. Kuyatokotesha nusu saa ni kuunguza mkaa tu, na kuni zinazokwenda ni takriban kilo 1 kwa kila lita 1. Hapo ndipo familia nyingi zinaposhindwa: zinachemsha ya mgonjwa tu, au ya mtoto tu, kisha wote wanateka kwa kikombe kimoja.

Nina kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine. Pampu inajaza simtanki la lita 2,000 na nina wapangaji. Nilitia klorini ya unga, maji yakageuka mekundu, wapangaji wakasema nimewatilia sumu. Nifanyeje? – Mwenye nyumba, Kigamboni

Kaka, wekundu huo ni kutu ya chuma iliyokuwemo ndani ya maji tangu ardhini. Inapotoka chini haionekani kwa kuwa imeyeyuka. Klorini ikiigusa inaganda na kuonekana. Dalili zake zilikuwepo kabla: chai inakuwa nyeusi, nguo nyeupe zinapata manjano, sinki lina alama ya rangi ya udongo. Chuma hicho pia kinaila klorini, kwa hiyo dawa uliyotia iliishia kwenye chuma na haikubaki ya vijidudu.

Ondoa chuma kwanza. Weka tangi la kwanza, na bomba linaloingia ulitoboe matundu madogo ili maji yaanguke kama manyunyu na kukutana na hewa. Yaache usiku mzima yatulie. Toa ya juu, si ya chini, yapite kwenye chujio la mchanga ndipo yaingie kwenye simtanki la pili. Dawa inatiwa huko.

Changanya dawa mama hivi: gramu 15 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, sawa na kijiko cha chakula kilichosawazishwa, kwenye lita 1 ya maji ndani ya plastiki. Unga unafuata maji. Usimwagie maji juu ya unga. Acha utulie, tumia maji ya juu tu. Kila lita 1,000 zinataka mililita 200, kwa hiyo tangi lako likiwa tupu kabisa ni mililita 400. Likiwa nusu, hesabia maji mapya peke yake. Tia pampu ikiwa inafanya kazi ili yachanganyike, kisha funga njia ya kutokea kwa dakika 30.

Nunua kipimo kidogo cha klorini, cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Bombani kwa mpangaji wa mwisho inatakiwa ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikiwa sifuri, ongeza mililita 100 kwa lita 1,000, ikizidi, punguza. Unga weka pakavu, mbali na petroli na mafuta, na usiukutanishe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani inatoka gesi inayoua.

Wapangaji waite waone. Bandika karatasi ubavuni mwa tangi: tarehe, kiasi ulichotia, kipimo kilichosoma ngapi. Mtu anakunywa kwa imani zaidi maji aliyoyaona yakipimwa. Na wakianza kulalamikia chumvi, usitafute dawa, haipo. Kigamboni bahari iko karibu. Ukivuta maji kwa nguvu mfululizo, ya bahari yanafuata. Pampu ipumzike, vuta kidogo kidogo.

Mafuriko yaliingia kisimani. Tukitia dawa nyingi mara moja, tutakaa salama mwaka mzima? – Msomaji, Rufiji

Hapana, na imani hii imewaponza wengi. Dawa nyingi ya mara moja inasafisha kisima, hailindi maji yatakayoingia wiki ijayo. Inabidi ifanyike, kisha mrudi kwenye dawa ya kila ndoo.

Kwanza mtu asishuke kisimani mara tu baada ya mafuriko, na mashine ya petroli isishushwe wala kuwashwa ndani yake. Moshi wake umeua mafundi na waliowafuata kuwaokoa. Tekeni maji machafu na tope kwa ndoo au pampu iliyo juu. Kisima kikijaa tena, hesabuni: upana wa ndani mara upana huohuo, mara 0.785, mara kina cha maji, vyote kwa mita, kisha mara 1,000 mpate lita. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya mita 3 kina karibu lita 3,400. Dawa inayohitajika ni miligramu 50 kwa lita, ambayo kwa unga wa asilimia 65 ni gramu 260.

Yeyusheni kwenye ndoo mbili za maji, acheni mashapo yatulie, mwageni maji ya juu mkizungusha kwenye kuta. Tekeni na kurudishia ndoo kadhaa ili yachanganyike. Funikeni saa 12, mtu asiteke. Kesho yake toeni maji mpaka harufu iishe, na msiyaelekeze kwenye bwawa la samaki wala bustani.

Maji yakirudi kuchafuka baada ya kila mvua, tatizo liko mdomoni mwa kisima. Jengeni ukuta wa kuzunguka, sakafu ya zege isiyo na ufa yenye mfereji wa kupeleka maji mbali, kifuniko, na ndoo moja ya kisima isiyowekwa chini. Ndoo ya kila mtu na kamba inayoburuzwa ardhini ni njia ya uchafu iliyo wazi kuliko choo cha jirani.

Maji yanapimwa wapi, na tuombe nini? – Wasomaji kadhaa

Tanzania Bara kuna maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji mikoani. Kenya anzia kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Chukua chupa ya maabara yenyewe, usiisuuze, usiguse mdomo wake. Kama ni bomba, fungulia dakika 2 au 3 kwanza. Kama maji yametiwa dawa, sema, kwa sababu chupa yake ina kemikali ya kusimamisha klorini. Weka kwenye barafu na uifikishe ndani ya saa 6. Omba E. koli, naitreti (inayotoka kwenye kinyesi na mbolea), floridi, chuma na chumvi. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, maji hayo yasitengenezewe maziwa ya mtoto mchanga hata yakichemshwa, kwa sababu moto unaizidisha kama floridi. Pima mara baada ya mvua kubwa za kwanza, kwa kuwa kipimo cha kiangazi hukuonyesha kisima kikiwa katika hali yake nzuri kabisa.